Sauti Iliyobaki Baada ya Wimbo wa Nne

Admin, naomba ufiche jina langu la shule. Hili ninaloandika sijamwambia mtu, hata rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja miaka minne: ninamshuku baba yangu kwamba ana watoto wengine, na nadhani nimemsikia kwenye kanda.

Nina miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani Bariadi nasubiri matokeo. Kwetu mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa. Mama ni muuguzi, Mnyakyusa aliyehamishiwa huku kikazi, wakaoana hapahapa. Mimi si mtu wa kuongea. Ninachopenda ni kukusanya albamu za muziki wa filamu uliorekodiwa upya. Kwa wasiojua, ndani ya filamu wimbo hukatwa na maongezi ya waigizaji, kwa hiyo zamani wengine walirudi studio, au walikodi bendi nyingine kabisa, wakapiga nyimbo zote upya na kuzitoa kwenye kanda. Kava huwa na picha za waigizaji tu. Nani kaimba, nani kapiga gitaa, wapi, hawaandiki. Mimi nina daftari la kutafuta hayo.

Mzee mmoja aliyefunga kibanda chake cha video alinipa boksi zima. Kanda moja ilikuwa ya filamu iliyotengenezwa Mwanza kabla sijazaliwa. Nikafanya kama kawaida yangu: navaa spika za masikioni, naongeza sauti, nasikiliza pale wimbo unapoisha, kwa sababu mara nyingi watu huongea kabla mashine haijazimwa, na hapo ndipo majina hupatikana. Baada ya wimbo wa nne mwanamke anacheka na kusema, "Baba Kulwa, leo gitaa lako limetukimbia." Mwanamume anajibu, "Gashi! Kumbe mmelala ninyi. Turudie, turudie."

Hilo "turudie, turudie" nimelisikia tangu darasa la kwanza, kila nilipokosea hesabu pale mezani kwetu. Kwenye kanda sauti ni ya ujana, lakini ni ileile. Ila kwetu hakuna Kulwa. Baba anaitwa Baba Shija, kwa jina langu la nyumbani. Wasukuma wenzangu mmeshaelewa. Kwa wengine, mapacha kwetu huitwa Kulwa na Doto, na mtoto anayezaliwa baada yao ndiye Shija. Siku zote nimeambiwa nimerithi jina la bibi yake baba, na yeye huniita "bibi" kwa utani. Inawezekana kabisa, jina la kurithi halifuati mpangilio huo. Lakini tangu siku ile nikiitwa nachelewa kuitika.

Nilimjaribu mama tukiwa tunachambua mchele.

"Mama, baba aliwahi kupiga gitaa?"

"Baba yako?" Alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Hata makofi kanisani anachelewa. Nani kakudanganya?"

"Nimeuliza tu."

"Uliza matokeo yako."

Jumapili mchana nikaiweka kanda kwenye redio, baba akiwa anakula. Wimbo wa nne ulipoanza, mkono wake ukasimama kwenye bakuli.

"Bibi, hiyo umeitoa wapi?"

"Kwa yule mzee wa video."

"Izime, inamaliza betri."

"Redio iko kwenye umeme, baba."

Hakunitazama. "Basi inamaliza umeme."

Kesho yake kava lilikuwepo, kanda haipo. Baba alisema labda wadogo zangu wameichezea. Wadogo zangu wote wawili wako bweni. Hakujua kwamba nilishaihamishia kwenye simu.

Nikatuma kipande kwenye kundi letu la wakusanyaji mtandaoni, bila yale maneno ya mwisho, nikauliza nani anajua wapigaji. Mtu mmoja akaniunganisha na fundi mitambo aliyerekodi, siku hizi ni mzee analima huko Nassa. Akanitumia ujumbe wa sauti.

"Mwanangu, hiyo kazi naikumbuka. Gitaa alipiga mwalimu kijana wa Ipililo, na aliyeimba ni mkewe. Yaliyowapata baadaye sijui, maana yule mama namwona peke yake, ana duka la vitenge Nyashimo. Wale mapacha wake wameshakuwa watu wazima. Nikupe namba yake? Na wewe ni nani kwao?"

Baba kwao ni Ipililo. Najiambia walimu waliotoka Ipililo ni wengi. Lakini kila muhula baba husema ana semina Nyashimo, na akirudi humletea mama kitenge. Nilifungua sanduku la mama nikavitoa kimoja kimoja nikaviweka kitandani. Vyote ni vya semina. Mama huvishona vizuri na kuvivaa kanisani.

Siku ya tisa leo sijamjibu yule mzee. Pale alipouliza mimi ni nani, naandika nafuta. Nikiipata namba nitapiga, najijua, na mwisho mama atajua, na yeye hajamkosea mtu. Nisipoipata, nitakuwa nawapita ndugu zangu stendi bila kuwajua. Na huenda pia namsingizia baba aliyenifundisha kusoma. Kwenye daftari nafasi ya mpiga gitaa bado iko wazi, nashindwa kuandika jina.

Dada zangu, kaka zangu, ninyi mliopitia ya nyumbani, niambieni: nimjibu mzee, nimwulize baba uso kwa uso, au ninyamaze? Sehemu nyingine nimezibadilisha kidogo, lakini ukihisi unanijua, nakuomba usinitaje. Mama ana simu ya kitochi, hayupo huku, ila wenzake wa zamu wanasoma ukurasa huu.

Na kama Kulwa au Doto mnasoma hapa, msijibu kwenye maoni. Admin anayo namba yangu.