Alituaga Mara Tatu

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Lodwar, nimeshuka kwenye lori la samaki kutoka Longech, natafuta chai. Mkahawa wa yule Msomali karibu na stendi bado upo, na televisheni yake bado imekaa juu ya friji ya soda. Ndipo nikamwona Mzee, rais wetu wa zamani, yule ambaye picha yake ilining'inia juu ya ubao tulipokuwa tukijifunza kuhesabu. Mtangazaji alisema kwamba ameachia hata uenyekiti wa chama, kitu cha mwisho alichokuwa amebaki nacho, na sasa anapumzika kabisa. Alikuwa ameegemea kochi, kichwa kimezama kwenye pilo nyeupe. Watu wakacheka. Mmoja akasema huyu alianza kustaafu kabla yeye hajaoa, na sasa ana watoto wanne. Mimi nilikuwa nikiitazama shingo ya Mzee tu, hadi chai ikapoa. Acha nikueleze kwa nini.

Nililelewa na nyanya huko Kakuma, kando ya mto Tarach, ambao miezi mingi ni mchanga mtupu. Asubuhi kabla ya shule nilishuka na jerikeni na bakuli la bati, nikaingia shimoni kuchota maji yanayojikusanya polepole, yenye harufu ya udongo na punda. Kiangazi kikikaza, shimo lilikuwa refu kuliko mimi mara mbili. Tulipokezana bakuli kutoka mkono hadi mkono, na wanawake waliimba ili aliye chini ajue juu bado kuna watu. Jioni ilikuwa uji wa mahindi ya msaada, na makoma, yale matunda magumu ya mkoma, ya kutafuna mpaka taya ziume.

Mwaka niliotimiza miaka tisa, Mzee akaanza kuaga. Muda wake ulikuwa unakwisha, lakini alitoka kama mtu anayetoka kwenye nyumba inayonukia nyama. Mara ya kwanza alikuja kutuambia kwamba anakwenda. Miezi kadhaa baadaye alikuja kutuonyesha mtu atakayemwachia. Mara ya tatu alikuja kuaga hasa. Kila mara mwalimu alifunga vitabu na kuagiza kila mtoto alete jerikeni la maji kutoka shimoni. Hayakuwa ya kunywa. Tuliyamwaga uwanjani ambapo helikopta ingetua, vumbi lisije likawachafua wageni. Bado nasikia ule mchanga ukiyafyonza. Kisha tulisimama juani tukiimba, pua zetu zimeelekea nyuma ya ofisi ya chifu, walikokuwa wakichoma mbuzi wetu. Na kila mara Mzee alituahidi kisima cha pampu. Mara ya tatu alipaonyesha mahali penyewe kwa fimbo.

Nyanya hakuona ajabu yoyote. Kwake, hivyo ndivyo mwanamume wa heshima anavyoacha mji wake. Mwanamume aliyechoka hagawi mifugo siku moja. Huwapa wanawe mbuzi kwanza, kisha ngamia, ng'ombe mwisho, na ahadi zake zote huenda na mifugo hiyo. Anayepokea ng'ombe amepokea na maneno. Yeye mwenyewe habaki na kitu ila ekicholong, kile kigoda kidogo cha mti ambacho mwanamume wetu hukalia mchana na kulalia shingo usiku, hadi shingo iwe na alama yake. Na nyanya alikuwa amechunguza zile mara mbili za kwanza: Mzee hakuwa nacho. Walinzi ndio waliombebea viti.

Kwa hiyo asubuhi ya siku ile akashusha kigoda cha babu, kilichokuwa kikining'inia kwenye nguzo tangu tumzike. Mguu wa kigoda ulikuwa umepasuka, na babu mwenyewe aliufunga kwa waya wa shaba. Hatukuwa na kitu kingine alichokigusa. Nililia, nikamwambia asimpe Mzee, hatajua hata ni cha nini. Jirani yetu, mama mmoja mkimbizi kutoka Kongo aliyekuja kuuza maandazi, akanisaidia.

"Mama, mukubwa kama ule analala pa matela, ile godoro. Iko na mito hata kumi."

"Hiyo ni ya mtu ako na kazi," nyanya akamjibu kwa Kiswahili chake. "Yeye sasa ni mzee ya nyumbani."

Nyanya alipanga foleni ya zawadi na wazee. Mzee alikipokea kwa mikono miwili, akakiinua juu, watu wakapiga vigelegele. Mlinzi akakichukua.

Baada ya hapo nyanya alisubiri. Mahali palipoonyeshwa kwa fimbo alipasafisha miiba kila wiki, mashine isipate shida ya kuingia. Aliyeachiwa nchi alikuja mara moja, akahutubia, hakutaja kisima. Nikimcheka nyanya, alinijibu vilevile kila siku: huyu mpya ameshapokea ng'ombe, maneno yatafuata, na Mzee analalia kigoda chetu, atamkumbusha.

Mimi shule niliacha darasa la sita. Miguu ilinishinda. Nilitaka kuona ndege za Lokichoggio, nikataka kuona ziwa linaishia wapi kule Todonyang. Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilipata kibarua Lodwar, kusafisha stoo ya serikali. Nyuma ya viti vilivyovunjika palikuwa na magunia yaliyotafunwa na panya. Ndani mlikuwa na mikuki, kofia za manyoya ya mbuni na vigoda, vingi, vya kila ukoo. Chetu nilikitambua kwa waya. Msimamizi akasema nichukue, ni kuni tu.

Ningeweza kukificha. Lakini nilikuwa na hasira, na nilitaka kuushinda ubishi wetu wa miaka sita. Nikapanda lori hadi Kakuma, nikakiweka mbele yake bila hata kumwamkia. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Akakipapasa taratibu, vidole vikafika kwenye waya, vikasimama. Nikasubiri aseme habari ya kisima.

"Basi," akauliza, "huyu mtu amekuwa akilalia nini miaka hii yote?"

Hakwenda tena kung'oa miiba. Mvua iliyofuata haikumkuta.

Sasa lile shimo limefukiwa, maji huja kwa lori, na anayesubiri maji ya lori haimbi. Vijana hukalia viti vya plastiki. Pale paliponyooshewa fimbo pameota miiba hadi kiunoni. Kigoda nilikizika naye. Na jibu la swali lake nimelipata mkahawani, nimechelewa hivi. Analalia pilo, nyanya. Nyeupe, laini, na shingo yake haina hata alama.