Ndege Asiyekula Mpunga

Nikisikia debe tupu likigongwa, hata kama ni fundi tu anayenyoosha bati mtaani, miguu huanza kuniwasha. Lazima niinuke. Majirani hunicheka, na wacheke. Ninyi nitawaambia sababu.

Wakati wa vita vya ukombozi familia yetu pale Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ilikuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Babu alipofariki, mashine ikashikwa na mume wa mama mdogo, Mreno aliyekuwa rubani wa jeshi mpaka mkono wake mmoja ulipovunjika ukapona vibaya. Alisilimu, akaitwa Yusufu, akaoa, akaanza kunuka dizeli na pumba kama sisi sote. Kazi aliijua: akiweka kiganja kwenye motori tu, anakwambia inaumwa wapi. Kutulia ndiko kulikomshinda. Alikula amesimama, alikunywa chai akizunguka mashine, na kila mara aliinua uso juu kama mkulima anayetafuta mvua.

"Kwani mkeka wangu una upupu?" Bibi alikuwa akimuuliza. Tulicheka, naye alicheka, ila hakukaa. Bibi alimwita mkwe kwa midomo tu. Kaka yake Bibi alikuwa akilima karibu na Nhica, na kijiji kile kilipigwa na ndege za jeshi. Hakurudi mtu.

Kiswahili tulimfundisha sisi watoto. Tulimwonyesha kunguru tukasema ndege. Akaelekeza kidole mawinguni, akaiga mngurumo wa injini, "E avião?" Hiyo nayo ndege, tukamwambia.

"Zote mbili?"

"Zote, Baba Mdogo."

Akatikisa kichwa, akatuona watu wa ajabu.

Mpunga ulipokaribia kuiva, Bibi alinichukua mimi na mdogo wangu Fatu kwenda bondeni kuamia ndege, kuwafukuza kwa kugonga madebe wasile mpunga. Wanajeshi walikuwa wamekataza watu kuvuka mpaka wa mji. Aliyeonekana huko alihesabiwa mtu wa msituni. Lakini shamba halihamishwi, na kwelea hawasomi amri. Baba Mdogo alifuatana nasi, eti akaangalie mavuno yatakayoletwa mashineni. Kukaa tu kulimshinda, masikini.

Sisi tulikuwa juu ya dungu letu la miti, hatusikii kitu. Yeye alisikia. Alikuja mbio akikata majaruba, mkono mbovu ukining'inia, akipiga kelele, "Ndege! Ndege!"

Haya, mtoto anayeamia akiambiwa ndege atafanya nini? Tuliruka chini na madebe yetu, tukakimbilia katikati ya mpunga, peupe kabisa, tukigonga na kuimba kwa nguvu zote ili atusifu. Hata Bibi alitoka kivulini na fimbo yake. Lahaula! Ndipo mngurumo ukatokeza juu ya minazi.

Fatu aligeuka akimbilie msituni. Baba Mdogo akamdaka gauni. "Msikimbie! Simama! Wote simama!" Akavua shati, kifua cheupe pe, akasimama mbele yetu akipunga ule mkono mzima, polepole. Ndege ikashuka mpaka mpunga ukalala, ikapita, ikarudi kututazama tena. Nilijikojolea, sioni haya kusema. Kisha ikaenda zake.

Nyumbani Bibi alimpakulia mwenyewe, wali na samaki wa nazi, kwenye sahani ya wageni. Kwa mara ya kwanza Baba Mdogo akakaa mkekani. Tonge halijafika mdomoni, Bibi akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, ulijuaje kuwa anayekimbia ndiye anayepigwa?"

Akalirudisha tonge sahanini. Akainuka, akaenda kuwasha mashine. Hapakuwa na mpunga wa kukoboa. Ilinguruma tupu mpaka alasiri. Nilimwona hana adabu hata kidogo, kuulizwa na mkwe wake na kumpa mgongo! Bibi hakukasirika. Aliifunika sahani kwa kawa, akasema, "Asiiguse mtu. Akirudi atakula." Kisha akajifuta macho kwa pindo la leso.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa. Somo lililoniokoa alilisoma akiwa angani, na waliomfundisha ni watu waliokimbia. Huenda kaka yake Bibi alikuwa mmoja wao. Bibi alilijua hilo kabla hajauliza, na bado akamfunikia chakula.

Nampenda Baba Mdogo, Mungu amrehemu. Lakini kuna siku nashindwa kumsamehe. Siku hizo hula nimesimama, na wajukuu zangu huniuliza kama mkeka una upupu.