Kontena Tulilolifungua Tena

Siku yangu ya kwanza kazini Guangzhou nilifokewa kwa sababu ya picha nzuri. Nilikuwa nimetoka Mombasa, ambako nilikuwa karani wa wakala wa forodha, nikaajiriwa na ofisi ya kusafirisha mizigo ndani ya Tianxiu Dasha, jengo refu la maduka na ofisi za wafanyabiashara. Laoban, ndivyo tunavyomwita mwenye biashara huku, alikuwa mama wa Kichina mwenye Kiingereza cha sokoni na subira ndogo kuliko yangu, na yangu ni ndogo. Alinituma ghalani Sanyuanli nikapige picha katoni za mteja wa Nairobi. Nikazipanga, nikazipangusa vumbi, nikapiga.

"Hapa mtu yuko wapi?" akauliza.

"Hakuna mtu, Laoban. Ni mzigo tu."

"Mteja hajui katoni. Anajua mtu. Rudi upige tena, mkono wako uonekane juu yake."

Nikarudi huku nanung'unika njia nzima. Lakini nyinyi mnaoianza kazi hii leo, lishikeni hilo kabla ya jingine lolote. Biashara yetu ilikuwa ya kontena la mchanganyiko, maana yake wateja wengi wanachangia kontena moja, kila mmoja na kipande chake. Kila katoni huandikwa alama ya mzigo, herufi za mwenyewe kwa wino mweusi, ili kule ziendako zisigombaniwe. Kontena likijaa, mlango hufungwa kwa sili, ile lakiri ya chuma yenye namba ambayo haivuliwi ila kwa kukatwa. Kabla ya kufunga, mpakiaji husimama mlangoni simu ikimrekodi: anamwamkia kila mteja kwa jina, anagusa mzigo wake, anamuuliza hali ya nyumbani, kisha anafunga na kuisoma namba ya sili. Tuliiita video ya mlango. Mteja asiyeipata hapati usingizi, na asiyelala hakulazi na wewe.

Laoban alipostaafu, ofisi ilinunuliwa na Mkenya wa Nairobi, ambaye sote tulimwita Mkurugenzi, mtu wa kanisa, mcheshi, mwoga wa hasara. Mimi akanipandisha kuwa msimamizi wa nyaraka. Video za mlango akampa Wakio.

Wakio ni Mtaita. Enzi hizo alikuwa na jina jingine, la kiume, na kwa kuwa aliniomba nisilirudie, silirudii. Sote tulimchukulia kuwa kijana wa kiume, mpole, msafi, asiyependa kupigwa picha isipokuwa kazini. Kwenye video alikuwa hodari ajabu. Anakumbuka binti wa nani ana mtihani na bibi wa nani amevunjika mguu. Wateja walikuwa wakizitazama video zake na familia nzima, kama taarifa ya habari.

Sasa ikatokea habari ya yule mtangazaji wa mpira. Alikuwa mtu wa nchi nyingine, mwenye sauti ambayo wanaume wa ofisini kwetu waliijua kuliko sauti za wake zao. Alijitokeza hadharani akasema kwamba yeye ni mwanamke, kwamba tangu utotoni nafsi yake ilikuwa ya kike japo ulimwengu ulimhesabu mwanamume, na kwamba amechoka kuficha. Video ile ilizunguka kwenye simu za wafanyabiashara wote wa Xiaobei, mtaa wetu wa Waafrika.

Wakati wa chakula cha mchana haikuzungumzwa nyingine. Siku za mwanzo zilikuwa mbaya, sifichi. Yalitolewa maneno ambayo singependa wajukuu wangu wayasikie, mengine kwa kicheko. Maneno ya heshima ya jambo lile hatukuwa nayo hata kidogo. Tuliyokuwa nayo yalikuwa ya kutukania tu. Lakini mtu hawezi kurudia mzaha uleule kila mchana bila kuchosha wenzake. Jumamosi ikafika, mechi ikachezwa, yule mtangazaji akatangaza. Jumatatu Maman Odette, mteja wetu wa Lubumbashi aliyekuwa akija zaidi kula wali wetu kuliko kuleta mzigo, akasema kijiko kikiwa mkononi:

"Mais mupira anautangaza muzuri sawa zamani, non?"

Ni kweli, alikuwa ametangaza vizuri kama zamani. Baada ya hapo watu wakaanza kuuliza badala ya kucheka. Je, mama yake alisema nini? Je, alijua tangu lini? Mkurugenzi mwenyewe alisema angependa kujua watoto wake wanamwitaje. Wakio alikuwa anakula pale pale, kichwa kimeinama, na sikuliona jambo lolote.

Aliniambia tukiwa safarini kutoka bandari ya Nansha, tulikokwenda kufuatilia kontena lililokwama. Ni mwendo mrefu kutoka kule hadi mjini.

"Mama Nuru, yule mtangazaji," akasema. "Mimi pia ni hivyo."

Niliogopa. Kwanza nilimwogopea yeye, nyumbani kwao, pasipoti yake, kazi yake. Halafu nikakasirika kwamba kitu cha kwanza nilichokihisi ni woga. Nikamuuliza jina analolitaka. Akalitaja polepole, Wakio, kama mtu anayejaribu kiatu dukani. Nikamwambia ni jina zuri na linamkaa. Akalia hadi Sanyuanli, mimi namkabidhi karatasi za kujifutia, abiria wanatutazama.

Kumbe alikuwa akitusikiliza mchana kwa mchana, akipima. Alisubiri mpaka maswali yalipozidi matusi, ndipo akamwendea Mkurugenzi.

Mkurugenzi hakumfukuza, nami namsifu kwa hilo. Aliniita kwake, akafunga mlango, akaniambia, "Mama Nuru, si eti mimi namkataa. Shida ni maclient. Mmoja akitoa mzigo, wengine wanamfuata, kontena inaenda nusu. Wacha akae Nansha, afanye kazi ya nyuma. Mshahara ni ule ule."

"Kazi ya nyuma ni kumficha," nikasema.

"Ni kumlinda."

"Basi muulize kama anataka kulindwa."

Akamwita. Wakio akasimama mbele ya meza, mikono nyuma. Alisema, "Boss, nipe kontena moja. Nitafanya video ya mlango nikiwa mimi. Wateja wakinikataa, nitaenda Nansha mwenyewe bila kuambiwa." Mkurugenzi akakuna kichwa, akakubali. Ikawa kazi nzima ya Wakio, meza yake, wateja wake, watu aliowajua kwa miaka, vimewekwa juu ya kontena moja.

Siku ya kupakia tulikwenda ghalani wote, hata wasiohusika. Wakio alivaa koti la kazi, hereni ndogo na kilemba cha rangi ya maziwa. Kamera ilipowashwa alisema, "Wapenzi wateja, mlinijua kwa jina jingine. Sasa naitwa Wakio. Mimi ni mwanamke. Kazi ni ile ile, na mizigo yenu ndiyo hii." Akaendelea kuwaamkia mmoja mmoja. Akafunga mlango, akasoma namba ya sili. Mimi nilikuwa nimemkodolea macho tangu mwanzo hadi mwisho, na kila mtu pale vilevile.

Tukarudi ofisini kungoja majibu, na kungoja kule kulikuwa kugumu kuliko kuzaa. Mteja mmoja wa Nairobi aliandika kwamba mzigo wake ujao atautafutia ofisi nyingine. Aliutafutia kweli, na hakurudi tena. Mmoja akatuma maneno makali ya dini. Wawili watatu wakatuma dole gumba. Wengine walisoma wakanyamaza, nasi tulijua wanamngoja nani. Wanamngoja Mama Zuhura.

Mama Zuhura ni mwenye duka la vyombo Mombasa, hajja, mkali, na nusu ya wateja wetu wa pwani waliletwa na yeye. Akiondoka, wanaondoka. Mkurugenzi alikuwa ameshakaa kwenye kiti kama mtu aliyefiwa. Ujumbe wa sauti ulipoingia, Wakio hakuweza kuugusa. Nikaufungua mimi, kwa sauti ya juu.

"Wakio, nimekusikiza mwanangu. Hayo mengine ni yako na Mola wako, mie sina la kuongeza. Lakini mbona vikombe vyangu umevilaza chini ya vigae vya watu? Ni nani alokufundisha kupakia namna hiyo? Hebu fungueni huo mlango."

Tukairudia video. Na kweli, nyuma ya bega la Wakio, katoni za vikombe zilikuwa chini kabisa na vigae vimezikalia. Wapakiaji walikuwa wakimtazama yeye, yeye alikuwa akijitazama kwenye simu, na sisi wakubwa wa kazi tulikuwa tukitazama hereni. Katika ghala zima hakuna aliyeutazama mzigo. Aliyeutazama alikuwa Mombasa.

Mkurugenzi alicheka mpaka akashika meza. Wakio akawa anacheka na kulia pamoja, anasema, "Vikombe, Mama Nuru, vikombe." Tukakimbia Sanyuanli kabla lori halijaondoka. Dereva alipinga, "Meiyou shijian," hana muda, Mkurugenzi akamtuliza kwa sigara na porojo. Kisha akaikata sili kwa mkono wake mwenyewe, akavua koti, akashusha vigae pamoja na wapakiaji. Mlango ulipokuwa tayari kufungwa upya akaichukua simu akamwelekezea Wakio.

"Anza tena," akamwambia. "Na uanze na Mama Zuhura, asitumalize."

Wale waliokuwa kimya wakajibu baada ya hapo, mmoja akiuliza habari za betri zake, mwingine akilalamika kuhusu bei. Sijawahi kufurahia malalamiko namna ile.

Nimeshastaafu sasa, na vijana huniuliza kama habari ya mtu maarufu kujitokeza inasaidia lolote, au ni kelele za simu tu. Mimi nasema nilichokiona. Yule mtangazaji hakumbadilisha mtu pale mezani kwa siku moja. Alichotupa ni mtu wa mbali wa kumalizia upumbavu wetu. Tuliropoka juu yake, tukachoka, tukauliza, tukapata maneno. Wetu aliposimama, matusi yalikuwa yameshapungua mdomoni. Yule mtangazaji ndiye aliyelipa gharama ya jambo hilo, wala hajui kama sisi tupo.

Siku ya kuniaga walinipikia pilau ofisini. Katikati ya chakula akaingia mteja mgeni, bwana wa Goma, akatazama meza ya upakiaji kwa muda, kisha akamwinamia Mkurugenzi na kumuuliza kwa sauti ya chini kwamba yule pale ni nani hasa. Mimi nilikuwa karibu, nikasikia.

"Ni Wakio," akasema Mkurugenzi. "Mkuu wa upakiaji. Ukitaka vitu vyako vifike vizima, ongea naye vizuri."

Akaomba kachumbari, akaendelea kula. Bwana wa Goma akachukua katoni yake akaenda kwa Wakio kuuliza nafasi. Machozi yakanitoka juu ya sahani, wenzangu wakaanza kunibembeleza, wakidhani ninalia kwa sababu naondoka.