Kikapu cha Chuma Nyuma ya Kifaru

Ipo Jumamosi moja ninayoikumbuka, mwanangu, kwa sababu siku hiyo nilitia sahihi kazi ambayo sikuwa nimeimaliza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi wa vifaru jeshini, na nyumbani kwangu kulikuwa chumba kimoja pale Maringo, Nairobi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nitakusimulia bila kutia chumvi, maana mambo yenyewe yanatosha, na mimi sizipendi hadithi ambazo mzee anayesimulia ndiye shujaa.

Tulikuwa tumeletewa vifaru vipya kutoka ng'ambo. Kwenye magari ya deraya tuliyoyazoea, mlengaji alikisia umbali kwa jicho na kumwachia Mungu mengine. Vifaru hivi vilipima umbali kwa mwale wa leza. Injini ilikuwa na nguvu ya kutisha, na mzinga ulitulia kwenye shabaha hata kifaru chenyewe kikirukaruka juu ya mawe. Nilipelekwa kozi nikajifunza kila waya na kila skrubu, nikarudi pua ikiangalia juu. Vijana wa Maringo wakaniita Injinia, nami nikaitika bila kusita.

Kifaru, kama hukijui, kina mwili na kichwa. Kichwa ndicho hubeba mzinga, nacho huzunguka kuelekea upande wowote. Watu watatu hukaa humo kichwani. Dereva hukaa peke yake mbele, chini kabisa, amejinyoosha kama mtu kwenye kiti cha kinyozi, na juu yake kuna kifuniko cha chuma ambacho lazima kiinuke kwanza ndipo kigeuke pembeni. Dereva wa kifaru ninachokizungumzia alikuwa Otieno, jirani yangu wa mlango wa tatu. Tulichota maji bomba moja. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mkewe, Akinyi, ndiye aliyeongea kwa niaba ya wote wawili.

Mimi sikutosheka na maboresho ya wazungu. Niliona askari wanafunga mabegi na mitungi ya maji kwa kamba popote panapowezekana, nikasema hapa pana kazi yangu. Nikachora kikapu cha chuma cha kuchomelewa nyuma ya kichwa cha kifaru, kirefu kwenda chini ili kibebe vitu vingi. Mchoro ulikuwa mzuri. Hata leo nikiufikiria naona ulikuwa mzuri, na hapo ndipo ubaya ulipojificha.

Mkuu wetu karakanani alikuwa Sajini Nzioki, ambaye pia ndiye aliyekuwa kamanda wa kifaru hicho. Aliutazama mchoro wangu, akaukubali. Lakini alikuwa ametuwekea desturi moja, aliyoitoa kwa baba yake, mchongaji wa Ukambani ambaye hakuuza kigoda kabla ya kukikalia mwenyewe. Ukibadilisha chochote kwenye kifaru, unaingia mwenyewe, unakaa kiti cha kila mmoja, unajifungia, kisha kichwa kinazungushwa duara zima. Desturi hiyo tuliiita kulala ndani ya kazi. Vijana tulimcheka pembeni, lakini tulilala.

Nilimaliza kuchomelea Jumamosi karibu saa sita mchana. Karakana ilikuwa nyembamba, mzinga usingeweza kuzungushwa mle ndani bila kugonga nguzo. Ilibidi kifaru kitolewe nje, na kukitoa nje kulikuwa na mambo mengi: kutafuta ruhusa, kumtafuta dereva, kupasha injini. Na saa tisa Maringo tulikuwa tunacheza mpira na Jericho, mtaa wa jirani, mimi nikiwa winga wa kushoto. Nikakitazama kikapu changu, mzinga umeelekea mbele, nikaona kimekaa vizuri kabisa. Nikaandika kwamba kila kiti kimejaribiwa, nikatia sahihi, nikaondoka mbio. Tulishinda, na bao nililifunga mimi. Nimejaribu miaka yote hii kulisahau bao lile.

Alhamisi iliyofuata walikwenda mazoezini kwenye mbuga kavu, nami nikafuata na lori la matengenezo. Nilikuwa nimesimama juu ya kilima kidogo. Zoezi lilikuwa la kifaru kukimbia mbele huku mzinga ukielekezwa nyuma, kana kwamba kinamkimbia adui na kumpiga. Ghafla kikasimama. Moshi mweusi ukaanza kutoka kichwani, na watu watatu wakaruka chini wakikohoa. Waya ulikuwa umeshika moto ndani.

Dereva hakutoka. Niliona kifuniko chake kikiinuka upana wa kidole na kugota, kikarudi, kikainuka tena na kugota. Nilijua kabla ya mtu mwingine yeyote kujua. Kichwa kilikuwa kimegeuka nyuma, kwa hiyo kikapu changu, kile kirefu kwenda chini, kilikuwa kimekuja mbele na kukaa juu ya Otieno. Njia ya ndani ya kupitia kichwani ilifunguka tu mzinga ukiwa mbele. Na umeme wa kukizungusha kichwa ulikuwa umekatika.

Nilikimbia. Nilipofika, Sajini Nzioki alikuwa ameshajifunga kitambaa puani na kurudi ndani ya moshi kuzungusha kichwa kwa mkono, kwa usukani mdogo ambao kila mzunguko wake husogeza chuma kile kwa unywele. Nililala juu ya bamba la mbele, mkono kwenye kifuniko. Otieno alikuwa akigonga kutoka chini. Nikamwita. Akagonga. Kikapu kilisogea polepole hata nikataka kukiuma kwa meno. Kisha kugonga kukaisha, na kikapu bado hakijapita.

Kilipopita nikainua kifuniko, tukamvuta Otieno kwa mabega. Alikuwa hai, lakini midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, nami sioni haya kukwambia.

Sajini hakunifokea. Alikaa chini, akakohoa mpaka akamaliza, ndipo akaniuliza, "Ulikaa kiti cha dereva?"

"Hapana, Sajini."

"Sasa hiyo sahihi ni ya nini?"

Nilipewa adhabu jeshini, na nikaimaliza. Adhabu huwa na mwisho, mwanangu. Nilikwenda kumwona Otieno hospitali, nikamwomba msamaha. Akapumua kwa shida, akasema, "Hiyo kitu niliiona Jumatatu, nikadhani mshaipima. Ungeniuliza tu, bana. Mimi ndio hukaa hapo."

Hakuendesha kifaru tena. Walimweka stoo kugawa viatu na blanketi. Pale mtaani, akitoka bombani na ndoo moja, alisimama mara mbili kupumua kabla ya kufika mlangoni kwake. Watu walikuwa wamesikia kwamba mimi ndiye niliyemvuta kutoka kwenye moshi. Wakanipongeza, na mimi nikawaachia. Akinyi aliniletea samaki aliyempika na ugali, akanishukuru mbele ya majirani. Nikala.

Niliishi hivyo karibu mwezi mzima. Siku moja asubuhi nikamkuta Akinyi bombani, wanawake wengine wakiwa kwenye foleni, nikashindwa kuendelea. "Shemeji," nikamwambia, "usinishukuru tena. Kile kikapu nilikitengeneza mimi. Sikukijaribu, nikaandika nimekijaribu, kwa sababu ya mpira."

Alifunga bomba kwanza. Kisha akasema, "Otieno aliniambia siku ileile uliyokuja hospitali. Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Mwanangu, utapewa vitu uviboreshe: mashine, nyumba, utaratibu wa ofisi. Leo nikitembea mitaa hii yetu naona madirisha yamefungwa vyuma vya maua, vimepakwa rangi vikapendeza, na ndani analala bibi asiyeweza kuvifungua moto ukizuka. Aliyevichomelea alisimama nje. Wewe usisimame nje. Kitu chochote unachokibadilisha, mtafute anayekaa chini kabisa, mahali pa dhiki, umwulize kabla hujachora. Kisha ukae pale alipo, ujifungie, uone kama utatoka. Usitie sahihi kwa sababu kitu kimependeza, wala kwa sababu una haraka. Na ukikosea, sema mapema, kabla hujaandaliwa chakula cha shukrani usizostahili.

Mungu akubarikie mikono yako, mwanangu, na kila utakachokitengeneza kiwafungulie watu mlango. Akupe jirani wa kukusamehe kama alivyonipa mimi, ingawa namwomba usije ukamhitaji.