Namba Iliyosahau Baridi

Jemutai alikuwa mtu wa kupotea akiwa ameketi. Ungempata Bondeni, Nakuru, katika duka la kutengeneza friji la Tanveer, bisibisi mkononi, macho yameenda zake. Umwite mara ya kwanza, kimya. Umwite tena, atatabasamu kama mtu anayerudi kutoka safari na kukuuliza ulikuwa unasema nini. Tanveer, mwenye duka, aliyezaliwa mtaani humo humo, alishazoea. "Akirudi mwambieni kuna kazi inamngoja," aliwaambia wateja.

Wenye haraka walimwita mvivu. Laiti wangejua alichobeba kichwani, wangemletea chai.

Alibeba kifua cha baba yake. Mzee Kiprugut wa Keringet alizaliwa mwaka wa njaa, na jina lake linasema hivyo. Tangu hapo hakuweza kuvumilia kuona kiazi kikipotea. Shamba lake lilikuwa kando ya kijito, mahali pa chini ambapo sakitu, ile baridi nyeupe inayounguza majani, hupenda kutua wakati wa kiangazi mbingu zikiwa tupu. Basi kila kiangazi mzee alilala kibandani shambani. Aliamka kupapasa majani, na yakianza kukakamaa, aliwasha nyasi mbichi pembeni ili moshi uyafunike. Moshi na umande vikamla kifua. Daktari alimwambia waziwazi kwamba asipolala ndani atakufa. Mzee aliitikia vizuri sana, akashukuru, akarudi kibandani.

Ndipo Jemutai akaanza kuota mashine. Chuoni alikuwa amefundishwa lugha moja ya kompyuta ya ajabu: unaandika maneno, na maneno yenyewe yanageuka kuwa saketi, njia za umeme ndani ya mashine. Ilimlevya. Alifikiri kwamba mtu akipata maneno sawasawa anaweza kuandika kitu kikakesha shambani badala ya mzazi wake. Alipata bodi kuukuu ya saketi, akaandika usiku na mchana. Kipima joto kingekaa kwenye viazi, waya ungepanda hadi nyumbani, na joto likishuka chini ya sifuri king'ora kingelia sebuleni. Juu ya sifuri kisilie, maana mzee hakutaka kuamshwa bure.

Aliijaribu pale mezani. Akakishika kipima joto mkononi, akakitumbukiza kwenye chai, kisha kwenye barafu inayoyeyuka. Ilisoma kila kitu vizuri. King'ora nacho alikiambia kilie chini ya ishirini, akakimwagia kipima joto maji baridi, king'ora kikalia. Akakirudisha kwenye sifuri, akaridhika. Mtoto wa Bonde la Ufa, sakitu aliijua kwa macho, lakini namba zote za joto alizowahi kusoma zilikuwa juu ya sifuri. Hakuwaza kwamba zile za chini zina mambo yake.

Januari 2007 akaipeleka Keringet.

"Hii kitu itaniamsha kweli?" mzee aliuliza.

"Baba, itaamsha hata majirani."

Mzee akalala ndani. Hakuna kilicholia. Asubuhi walifungua mlango wakakuta shamba lote limekuwa jeupe, linametameta, linapendeza kama kitu cha peponi, na kwenye kioo cha mashine paliandikwa joto la 254. Kufikia adhuhuri nusu ya viazi ilikuwa nyeusi.

Mzee hakumgombeza. Alikunja blanketi lake, akateremka kibandani akikohoa. Ingekuwa heri amtukane, maana kile kikohozi kilimfuata Jemutai hadi Nakuru, na aibu ikalala naye kitanda kimoja.

Aliota ndoto ile ile mara nyingi. Namba ndogo ilikuwa ikitembea juu ya sakitu, imevaa kaptura, inajipepea kwa kofia na kulalamika kwamba jua ni kali. Jemutai aliikimbilia na blanketi la baba yake. Namba ikamcheka.

Siku moja alikuwa dukani akiitazama friza waliyokuwa wamemaliza kuitengeneza, amepotea kama kawaida, na ile namba ya kaptura ikampita tena machoni. Hakufikiri mara mbili. Alichukua kipima joto cha ile mashine aliyorudi nayo akakitupa ndani ya friza, akafunga mlango. Kioo kikaandika 238.

Tanveer aliinama akasoma. "Kumbe hii miaka yote nimekuwa nikitengeneza oveni, na hakuna mtu ameniambia!"

Jemutai alicheka, halafu kicheko kikakatika. Aliona.

Kipima joto kiliandika namba zake kwa tarakimu nane, kila moja sifuri au moja, na ile ya kwanza ndiyo alama: ikiwa moja, namba iko chini ya sifuri. Yeye aliihamishia namba hiyo kwenye nafasi kumi na sita, ili ipate pa kupumua anapoijumlisha na kiasi kidogo cha masahihisho. Namba yenye alama ikihamia nyumba kubwa, alama yake hurudiwa katika kila nafasi mpya, na baridi hubaki baridi. Lakini ile ya masahihisho aliiandika bila alama. Na sheria ya lugha ile haina huruma: changanya yenye alama na isiyo na alama, na zote zitahesabiwa kuwa hazina alama. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Nafasi mpya zikajazwa sifuri, na baridi ya kumi na nane chini ya sifuri ikatoka upande wa pili ikiwa moto wa kuoka mkate.

Dawa ilikuwa neno moja, la kuipa namba ya masahihisho alama yake. Aliliandika, akakirudisha kipima joto ndani ya friza. Safari hii friza ilisoma kumi na nane chini ya sifuri, na king'ora kikalia mpaka wauza mitumba wa jirani wakaja kuuliza moto uko wapi.

Februari akarudi Keringet. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Sina ubaya na wewe, mama," mzee alimwambia binti yake. "Lakini viazi vimebaki nusu."

Jemutai alikuwa amepanga maneno mengi kuhusu alama na nafasi. Yote yakamtoka. "Viazi viende, Baba. Mimi nakutaka wewe."

Mzee alichukua blanketi lake. "Leo tu," akasema, akapanda kitandani na gambuti zake za mpira miguuni.

Alfajiri king'ora kililia. Kililia vibaya, kikali, mbwa akatoroka na kuku wakapiga kelele. Jemutai alikimbilia chumba cha baba yake, akamkuta mama yake, Jepkosgei, amesimama mlangoni na taa. Ndani, mzee alikuwa akikoroma, mdomo wazi, pumzi ikienda taratibu na ndefu.

"Mwache," mama alinong'ona.

Waliteremka wenyewe wawili. Waliwasha nyasi upande huu na ule, moshi ukatambaa chini, ukajilaza juu ya majani bila kelele, na wao wakasimama ndani yake wakiwa hawaoni hata miguu yao. Jemutai alilia kidogo. Moshi ulimpa kisingizio.

Jua lilikuwa limeshapanda, majani mabichi yanadondosha maji, mzee alipotokea juu ya mteremko akihema kwa hasira.

"Mbona hamkuniamsha?"

"Ililia, Baba. Ililia sana."

"Mimi sikusikia kitu."

Mzee alitazama viazi, akamtazama mkewe, kisha binti yake aliyejaa masizi usoni, na hasira ikaanza kumtoka polepole.

"Basi nililala," alisema, kama mtu anayeambiwa habari za jirani.