Mgeni Aliyemsahau Mgeni Mwenzake

Kuna Jumatatu moja ya muhula wa pili, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Marehemu mke wangu nilimwambia hivyo mara moja, akacheka sana. Siku hizi sina wa kumchekesha humu ndani. Basi nimesikia umepewa shule uiongoze, tena ungali kijana, na walimu wanafunzi wataletwa kwako wafanye mazoezi. Keti kidogo unisikilize, na usiniharakishe.

Mimi ni mtu wa Kitale. Wazazi wangu walitoka Murang'a wakapata shamba Trans-Nzoia, nikazaliwa huko. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipelekwa Bungoma, shule moja karibu na Mabanga, nikawa Mkikuyu peke yangu. Saa nne walimu wakikusanyika kunywa chai, hadithi zote zilikuwa kwa Kibukusu, lugha ya wenyeji. Wanacheka mpaka machozi, na mimi natabasamu kama mjinga nikiangalia kikombe. Hawakuwa watu wabaya, la! Walikuwa kwao, wakasahau kwamba mimi siko kwetu. Mwaka mzima nilikunywa chai ile peke yangu katikati ya watu, na jioni narudi chumbani naongea na redio.

Nikajifunza Kibukusu. Nilijifunza kwa hasira, mwanangu, mpaka nikaweza kutania. Siku niliyowachekesha mara ya kwanza, mwalimu mmoja alinipiga mgongoni: "Sasa wewe ni wetu, bana!" Furaha ile nililala nayo wiki nzima.

Jumatatu hiyo ninayokuambia akaja Akiru, msichana Mturkana kutoka Kipsongo, kule Kitale. Alikuja kufundisha kwa mazoezi muhula mmoja, na Mzee, mkuu wetu wa shule, akanikabidhi mimi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: niketi nyuma ya darasa lake mara mbili kwa wiki, nimwonyeshe anapokosea, nijaze fomu za chuo. Asipofuzu mazoezi hayo, hawi mwalimu.

Unajua nilifanya nini? Saa nne ilipofika nilimkaribisha chai kwa sentensi moja ya Kiswahili, halafu nikawageukia wenzangu nikaanza utani wa Kibukusu, kwa sauti kubwa kuliko wenyewe. Nilitaka aone kwamba mimi ni mtu wa ndani. Haki ya Mungu, naona aibu kukuambia. Akainamia kikombe chake. Na nilimwona, usidhani sikumwona.

Darasani kwake sikwenda hata siku moja. Vipindi vile vilikuwa nafasi yangu ya kupumzika. Fomu nilizijaza kutoka kichwani, somo zuri, ajitahidi zaidi, nikatia sahihi. Wiki ya tano mkufunzi kutoka chuoni akafika bila taarifa, akakuta watoto wanapiga kelele na wengine wamempa Akiru mgongo. Alimkosoa mbele yao. Kesho yake Akiru hakuja.

Mzee akaniita ofisini. Alikuwa mtu wa Lugulu, mpole, mtu wa kanisa, hajawahi kunipandishia sauti. Fomu zangu zilikuwa mkononi mwake.

"Mwalimu, huyu msichana anaandika ubaoni kwa mkono gani?"

Nikaziangalia fomu mkononi mwake.

"Si umeketi nyuma yake mara tisa? Imeandikwa hapa. Mkono gani?"

"Sijui, Mzee."

"Wa kushoto. Anaziba kile anaandika, watoto hawaoni, ndio wanapiga kelele. Mimi nilipita tu dirishani nikaona. Nikasema nisiingilie, ako na mwalimu wake. Hapo na mimi nimekosa." Akaziweka fomu chini. "Nilikuchagua wewe kwa sababu ulikuja hapa peke yako. Nilidhani utajua."

Jumamosi nikaenda Kipsongo. Uliza hapa, uliza pale, nikamkuta anafua nguo za watu pamoja na mama yake. Aliniletea kigoda nikae. Heshima ile iliniuma, afadhali angenitukana. Nikamwambia nimekosa, arudi, nitakuwa naye kila kipindi, na chuoni nitasema ukweli wote.

"Mwalimu," akasema, "siku ya kwanza niliskia ati wewe pia ni wa Kitale. Nikafurahi. Nikasema huyu atakuja. Kila kipindi nilikuwa naweka kiti huko nyuma. Watoto wakaanza kuniuliza, Ticha, hicho kiti ni cha nani?" Akakamua shati, akalianika. "Sirudi. Sina hasira na wewe. Nimechoka tu kungoja."

Mama yake ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani. Hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba pale mtaani kwao Akiru alikuwa wa kwanza kusomea ualimu.

Niliandika barua chuoni nikakiri kwamba fomu zile zilikuwa za uongo. Nikaadhibiwa, na nilistahili. Chuo kikamwita arudi, hakurudi, na mpaka leo sijui aliko. Kuna watoto waliokua mtaani ule bila kumwona mwalimu wa kwao hata mmoja mbele ya ubao, na aliyewanyima ni mimi ninayezungumza nawe. Wenzangu wa chai karibu wote wamezikwa. Nikikaa hapa peke yangu jioni, siwakumbuki wao. Namkumbuka yeye.

Kwa hiyo, mwanangu, utaletewa mwalimu wa kabila lingine, au msichana anayetembea kwa magongo, au mtu mzima aliyeanza chuo amechelewa. Usijisifu kwamba mlango wa shule yako uko wazi kwa wote. Hata wetu ulikuwa wazi. Wewe ingia darasani kwake, ukae kipindi kizima, simu uiache ofisini. Usitie sahihi chini ya jambo ambalo hukuliona kwa macho yako. Chai ikimiminwa, ongeeni lugha ambayo na yeye ataielewa, acheke nanyi. Mwachie gwaride la asubuhi, mwachie hata mkutano wa wazazi, akosee ukiwa karibu, kwa sababu ndivyo wakuu wa shule wa kesho wanavyopatikana. Na kama uliwahi kuwa peke yako, mwambie, usione haya. Mimi niliuficha upweke wangu kama ugonjwa, kumbe ndio uliokuwa na dawa ya mwenzangu.

Haya, nenda. Mungu akupe macho ya kumwona mgeni, na miguu ya kumwendea. Walimu utakaowalea wakupite mbali, na wakifika huko wakutaje kwa wema. Na ukizeeka kama mimi, Mungu akuepushe na kumkumbuka kila jioni mtu mmoja uliyeweza kumsaidia, ukampita. Amina.