Mboga za Hamisa

Mama mkwe wangu, Mama Yuliana, alifika Pugu kutoka Newala akiwa na kapu la korosho, mfuko wa chumvi na presha. Chumvi alikuja nayo makusudi. Alikuwa ameambiwa kwamba chumvi ya Dar haina nguvu.

Wiki ile ile mke wangu Editha alimpeleka zahanati. Muuguzi akampima mara mbili, akaandika mia na themanini, akamwambia apunguze chumvi na mafuta, kisha arudi baada ya mwezi. Mama alirudi amenuna. Alisema akilazimishwa kula majani ya kuchemsha kama mbuzi, atapanda basi arudi kwake. Nilijua Editha anawaza nini. Baba yake alifariki kwa presha hiyo hiyo.

Kumwacha mama apike mwenyewe haikuwezekana, maana chumvi yeye hapimi kwa kijiko, anamwaga kwa kiganja. Editha anafanya usafi kwenye ofisi moja mjini, anatoka alfajiri na kurudi jioni. Basi tukamwomba jirani yetu Hamisa, fundi cherehani, ampikie mchana. Alipika siku mbili. Siku ya tatu akapata kazi ya kushona sare za kwaya, akanifuata kibandani ninapochonga vinyago, nyuma ya nyumba yake.

"Albano, mie leo siwezi. Jiko lile pale. Pika wewe, sahani nitaipeleka mie."

"Nimpikie mkwe?"

"Kwani mkwe hana tumbo?"

Kwa namna tulivyolelewa kwetu, mama mkwe humtazami usoni, huli mbele yake, wala yeye hali kilichotoka mikononi mwako. Nina miaka kumi na tisa na Editha, na maneno niliyokuwa nimesema na mama yake yalikuwa shikamoo na karibu. Lakini kupika najua. Nilikaa kapera Manzese miaka sita, na sufuria ndiyo ilikuwa mwenzangu.

Nikaacha patasi, nikachambua mchicha. Nilipika na nyanya chungu na tui jepesi, vijiko viwili tu, nikaponda kitunguu saumu, nikakamulia ndimu mwishoni. Nikasonga ugali wa dona. Hamisa akabeba sahani hadi barazani kwetu, mimi nikasimama nyuma ya ukuta kusikiliza.

"Hamisa mwanangu, chumvi imeisha dukani?"

"Duka limefungwa, mama. Mwenye duka kasafiri."

"Atarudi lini?"

"Baada ya mwezi."

Nikamsikia mama anacheka. Kisha sahani ikarudi tupu.

Jioni nilipomweleza Editha, alisema nisithubutu kuacha. Kwa hiyo kila siku, ikifika saa tano, nilikung'uta mikono na kuwasha jiko. Kunde nilizitia tangawizi. Samaki wa Kunduchi nilimfunga kwenye jani la mgomba nikamweka juu ya makaa, bila tone la mafuta. Jumamosi moja niliponda ndizi zilizoiva hadi maganda yakawa meusi, nikachanganya na unga wa mtama, hamira na iliki. Sukari sikutia. Nikaoka kwa makaa chini na makaa mengine juu ya mfuniko. Harufu ilimtoa Hamisa kwenye cherehani yake.

Alipeleka mkate, akarudi ameshika mbavu kwa kicheko. "Mkweo anasema mume wangu ana bahati. Nassibu akisikia anahamia kwako."

Kitu kimoja tu kilinitia wasiwasi. Mfuko wa chumvi ulikuwa chini ya kitanda cha mama, na mchana angeweza kuchota apendavyo. Kila jioni Editha aliuinua kuupima uzito kwa mkono. Haukupungua, lakini hatukuwa na uhakika.

Siku ya zahanati ilipofika sikuchonga chochote cha maana. Nilikata sikio la kinyago kizima. Saa nne simu ikalia.

"Mia na arobaini," Editha akasema, akaanza kulia na kucheka pamoja.

Waliporudi, mama alikaa barazani akamwita Hamisa. Halafu akasema, "Mwite na baba."

Nikaja, nikasimama kwenye kona ya nyumba huku natazama chini. Mama akafungua fundo kwenye pindo la khanga yake. Ndani mlikuwa na maranda ya mpingo ninaochonga, meusi na membamba kama kucha.

"Hili nililikuta kwenye mchicha," akasema. "Hili kwenye kunde. Haya mawili yalikuwa kwenye mkate. Hamisa, siku hizi unashona mpingo?"

Hamisa akakaa chini kabisa, akajifunika uso kwa mtandio. Mimi masikio yalikuwa yanawaka moto.

Mama alikuwa ameelekea barabarani, hakunitazama. "Nilijua toka siku ile ya mchicha. Ningesema, ungeacha kupika. Na mie nilikuwa nimeshaonja."

Akafunga tena fundo lake, na maranda yakiwa ndani. "Kesho pika hapa hapa, barazani kuna upepo. Ila jikung'ute vizuri, baba."

Kesho yake nilihamisha jiko. Nilipika nimeelekea barabarani, naye akakaa nyuma yangu ameelekea ukutani, anachagua choroko.

"Chumvi umetia?"

"Nimetia, mama."

"Mwongo."

Nilipopakua, akasema nami nichukue sahani yangu. Tukala, kila mtu kwa upande wake, tumepeana migongo.